Barua Inayosubiri Saa Yake

Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya maendeleo, Werugha. Tunaichapa kwa maombi ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, viti vya mbele vipo, sogeeni.

Mlipomaliza mafunzo ya kuandika barua pepe na kuambatisha karatasi za hesabu, baadhi yenu mlinijia mkaniuliza: "Mama, tumesikia ati mtu anaweza kuandika barua leo usiku, ikatoka yenyewe kesho asubuhi. Ni kweli? Na sisi wa huku kijijini itatufaa nini?" Leo nimeombwa nilijibu swali hilo. Nitalijibu kwa njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo: kwanza tuone, kisha tupime, halafu tutende.

TUONE: JAMBO LENYEWE NI NINI?

Ninyi wakulima mnalijua lori la mboga. Linapakia jioni, linateremka usiku, na alfajiri liko soko la Kongowea kule Mombasa. Kabla ya simu za mkononi, ukiwa na neno kwa mnunuzi wako ulimpa dereva barua. Uliiandika jioni, matope bado yako miguuni. Mnunuzi aliisoma alfajiri akiwa amesimama mbele ya mzigo. Barua ilifika saa ambayo yeye alikuwa tayari kuisoma, na wewe saa hiyo ulikuwa umelala zako.

Barua pepe iliyopangwa ni hivyo hivyo. Unaiandika sasa, unachagua siku na saa, kisha unaiacha. Saa ikifika, inatoka. Mpokeaji anaiona kama imeandikwa saa ile ile.

Jambo hili si geni sana. Programu za barua za maofisini, kama Outlook, zilikuwa nalo kwa miaka mingi. Kwa sisi tunaotumia Gmail kwenye simu, lilitufikia mwaka 2019. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Gmail ilikuwa inatimiza miaka 15, na siku hiyo ikatangaza kwamba watumiaji wake wataweza kupanga saa ya kutuma barua. Programu ya barua ya iPhone ilipata jambo hilo mwaka 2022.

Hebu toeni simu, tufanye pamoja. Fungua Gmail, andika barua yako, weka anwani ya mpokeaji na kichwa cha habari. Usibonyeze ile alama ya kutuma. Angalia juu kulia, kuna vidoti vitatu vilivyosimama. Bonyeza hapo, na katika orodha itakayofunguka chagua pale panaposema kupanga kutuma. Simu itakupa saa ilizochagua yenyewe, lakini wewe chagua tarehe na saa yako. Thibitisha. Kwenye kompyuta, kuna mshale mdogo kando ya kitufe cha kutuma. Bonyeza mshale huo, mambo ni yale yale.

Sasa barua iko wapi? Fungua ile mistari mitatu iliyo juu kushoto, utakuta sanduku la barua zilizopangwa. Imo humo, inasubiri. Ukibadili nia kabla ya saa kufika, ifungue, futa mpango wa kutuma, nayo itarudi kwenye rasimu zako. Unaweza kuisahihisha na kuipanga upya, au kuiacha kabisa. Lori bado halijaondoka. Likishaondoka, huwezi tena kulikimbilia.

BARUA INASUBIRI MKONONI MWA NANI?

Mzee mmoja aliniuliza swali zuri: "Je, saa hiyo ikifika na simu yangu imekufa chaji?" Kwa Gmail, barua ikishapangwa mtandao ukiwepo, haisubiri ndani ya simu yako. Inasubiri katika kompyuta kubwa za kampuni yenyewe, mbali na hapa. Simu yako ikizimika, ikianguka mtoni, stima ikipotea, barua itatoka tu.

Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Mnakumbuka usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Mnakumbuka pia Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na kwa majirani. Mtu aliyekuwa amepanga barua yake mapema, yake ilikuwa tayari imeshika njia. Aliyengoja dakika ya mwisho alibaki akiinua simu juu kutafuta mtandao, kama anayeomba mvua.

Lakini angalieni: panga wakati mtandao upo. Ukipanga bila mtandao, barua yaweza kubaki humo humo kwenye simu, nawe ukadhani mambo yamekwisha. Tena si programu zote ni sawa. Baadhi ya zile za kompyuta huiweka barua ndani ya mashine yako, na mashine ikiwa imezimwa saa hiyo, barua inalala. Kama hujui yako ni ya aina gani, ijaribu. Jiandikie barua wewe mwenyewe, ipange itoke baada ya nusu saa, zima mashine. Baada ya saa moja iangalie kwenye simu ya mwenzako, uone kama imefika na imefika saa ngapi. Zoezi hilo halina gharama, na litakuondolea wasiwasi mwingi.

TUPIME: FAIDA IKO WAPI?

Faida ya kwanza ni heshima kwa mapumziko ya mtu. Makatibu wengi hapa ni akina mama. Barua za kikundi wanaziandika usiku, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa, saa nne au saa tano. Hiyo ndiyo nafasi yao na hatuwezi kuwalaumu. Lakini barua ile ikitoka saa tano usiku, simu ya mweka hazina inalia kando ya kitanda. Kama aliyeandika ni mwenyekiti, kijana wa watu ataamka, atawasha taa, ataanza kutafuta stakabadhi. Mwenyekiti hakusema "amka". Lakini saa ya barua imesema.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili hadi likaingia katika sheria. Ufaransa iliweka haki ya mfanyikazi kuachana na simu na barua za kazi nje ya saa za kazi, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Australia ilianza yake tarehe 26 Agosti 2024. Sisi katika vikundi vyetu hatuhitaji kungoja sheria. Andika usiku ukipenda, panga itoke saa mbili asubuhi. Wewe umemaliza kazi yako, naye amelala usingizi wake.

Faida ya pili ni barua kuonekana. Ofisa wa kaunti akifika ofisini Jumatatu anakuta barua za Ijumaa jioni, za Jumamosi, za Jumapili, zote zimelundikana. Iliyofika saa mbili na nusu asubuhi iko juu ya rundo.

Faida ya tatu ni kumbukumbu. Taarifa ya kila robo mwaka, tangazo la mkutano mkuu, ukumbusho wa kuleta vitabu vya hesabu: haya yanajulikana mapema. Yaandike ukiwa na nafasi, kabla ya msimu wa kupanda haujakushika.

Faida ya nne ni kwa wale wenye ndugu na marafiki nchi za mbali. Kumbukeni kwamba saa unayopanga ni saa ya simu yako, yaani saa ya Kenya. Saudi Arabia na Qatar wako saa moja nasi. Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja: kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwao ni saa tatu. Ujerumani wako nyuma, tena wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa majira yao ya joto saa mbili yetu ya asubuhi ni saa moja kwao. Wakati wa baridi ni saa kumi na mbili alfajiri. Binti aliye kazini Muscat, anayeshika simu saa ya mapumziko tu, utamsaidia sana barua ya nyumbani ikimkuta saa hiyo, akiwa na utulivu wa kuisoma.

SIMU HAIJUI SAA ZA KISWAHILI

Sasa nafika mahali panaponiuma. Nitawasimulia bila kutaja jina la mtu wala la kikundi.

Kikundi kimoja cha akina mama kiliandika ombi la tangi la maji. Msimu wa kiangazi akina mama hao huamka alfajiri kwenda kuchota chemchemini, na foleni ni ndefu. Mfadhili alikuwa ameweka mwisho wa kupokea maombi: Ijumaa saa kumi na moja jioni. Katibu wao, kijana mwenye bidii, alimaliza kuandika Alhamisi usiku. Mwenyekiti akamwambia, "Mwanangu, ngoja kidogo, huenda kesho dukani wakatupa bei nafuu ya tangi, tuibadilishe." Basi kijana akafanya jambo lililoonekana la busara. Akaipanga barua itoke Ijumaa saa kumi jioni. Ikiwa bei mpya itapatikana, ataisahihisha. Isipopatikana, itatoka yenyewe, na saa moja itakuwa imebaki.

Ijumaa akateremka Voi kwa shughuli zake, moyo umetulia. Bei mpya haikupatikana. Saa kumi jioni ikafika, barua haikutoka. Saa kumi na moja ikafika, barua haikutoka. Kwa nini? Kwa sababu kwenye simu kijana aliandika kumi, na kando yake akachagua PM. Kumi ya simu, PM, ni saa nne usiku. Barua ilitoka saa nne usiku, saa tano kamili baada ya mlango kufungwa. Jumatatu likaja jibu la adabu: asanteni, lakini ombi lenu limetufikia baada ya muda kwisha.

Akina mama walimlaumu kijana, na kijana akasema kompyuta imekataa. Kompyuta haikukataa, ndugu zangu. Ilitii. Aliiambia saa nne usiku, nayo ikangoja hadi saa nne usiku. Na mimi nina sehemu yangu katika kosa hilo. Ni mimi niliyewaonyesha kitufe kile, nikasahau kuwafundisha saa. Msimu ule wa kiangazi nilipita chemchemini nikawakuta kwenye foleni na madumu yao. Walinisalimu vizuri kama siku zote, nami nikaona haya.

Kwa hivyo leo tusiondoke kabla hatujaelewana. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza na linapotua. Saa ya simu huanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni sita daima. Andikeni:

Saa moja asubuhi, simu inasema 7:00 AM.
Saa mbili asubuhi, 8:00 AM.
Saa sita mchana, 12:00 PM.
Saa kumi jioni, 4:00 PM.
Saa kumi na moja jioni, 5:00 PM.
Saa tatu usiku, 9:00 PM.
Saa sita usiku, 12:00 AM.

Hiyo ya mwisho ina mtego wake. Kwa simu, saa sita usiku ni mwanzo wa siku mpya. Mfadhili akisema mwisho ni Jumatano saa sita usiku, nawe ukachagua Jumatano 12:00 AM, barua itatoka usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, siku nzima kabla. Hapo ni heri, umewahi. Lakini ukichagua Alhamisi 12:00 AM, umegonga mlango wakati unafungwa. Tena ukitaka kuondoa utata wa AM na PM, badilisha simu yako ihesabu saa 24. Hapo saa kumi jioni itakuwa 16:00, na macho yako yatashtuka ukiona 22:00.

Na hapa kuna somo kubwa kuliko la saa. Barua yenye siku ya mwisho, ikiwa tayari, itume sasa hivi. Usiipange. Mfadhili hatakasirika ukiwahi. Kijana wetu angetuma ombi Alhamisi usiku kama lilivyo, na bei mpya ikipatikana aandike barua ya pili ya kusahihisha, akina mama wangekuwa wamo kwenye orodha. Kupanga ni kwa ajili ya kumhurumia mpokeaji au kujikumbusha wewe. Kwa mambo ya siku ya mwisho, kupanga ni kuongeza mahali pa kukosea.

BARUA ILIYOKUJA MATANGANI

Kisa cha pili ni changu mwenyewe.

Ijumaa moja jioni niliandika barua za kuwakumbusha viongozi wa vikundi ambao marejesho ya mkopo wao yalikuwa yamechelewa. Zilikuwa barua kali kidogo. Niliandika, "Tumesikitishwa na ukimya wenu." Sikutaka kuwaharibia Jumamosi na Jumapili, kwa hivyo nikazipanga zitoke Jumatatu saa mbili asubuhi. Nikajiona nimefanya utu.

Jumamosi usiku, mume wa mweka hazina mmoja alifariki. Jumapili habari zikanifikia, nikaenda. Jumatatu asubuhi nilikuwa pale pale nyumbani kwao, nikisaidia kugawa chai kwa wageni. Mama yule alikuwa ameketi kwenye mkeka, simu mkononi, kwa sababu salamu za pole zilikuwa zinaingia mfululizo. Simu ikalia. Akasoma. Akaniangalia. Kisha akanyosha mkono akanipa simu nisome mwenyewe, akidhani labda hajaelewa vizuri.

Ilikuwa barua yangu. Saa mbili kamili. "Tumesikitishwa na ukimya wenu." Na chini yake jina langu, jina la mtu aliyekuwa amesimama mbele yake na birika la chai.

Nilipiga magoti nikamweleza. Nikamwambia niliiandika Ijumaa, kabla. Yeye alinielewa, Mungu ambariki. Lakini wifi yake aliyekuwa ameketi kando hakunielewa, na sidhani namlaumu. Kwake yeye, barua ni ya saa iliyoandikwa juu yake. Haijui kwamba roho ya aliyeandika ilikuwa Ijumaa.

Jumapili ile yote simu yangu ilikuwa mfukoni. Kufuta mpango ule kungenichukua dakika moja. Sikukumbuka. Nilikuwa nimeshaiondoa barua moyoni mwangu, kwa sababu nilihesabu kazi ile imekwisha. Ndipo nikaelewa jambo ninalotaka mwende nalo nyumbani leo: barua uliyoipanga bado ni neno lako mpaka itoke. Umeitoa kinywani, lakini haijafika sikioni. Katikati hapo dunia inageuka, na saa haijui. Wewe ndiwe unayejua, kwa hivyo wewe ndiwe wa kuangalia.

Na si msiba tu. Mwaka 2023, siku chache kabla, serikali ilitangaza kwamba Jumatatu tarehe 13 Novemba ni sikukuu ya kupanda miti. Mtu aliyekuwa amepanga barua itoke asubuhi hiyo, "njooni ofisini leo mtie sahihi", barua yake ilitoka tu na kuwaita watu kwenye mlango uliofungwa. Idd nayo hufuata mwezi. Mambo ya namna hiyo hayako ndani ya simu.

Tena kuna suala la ukweli. Mweka hazina akiandika Jumatatu, "Leo akaunti yetu ina kiasi fulani," akaipanga itoke Ijumaa, na Jumatano wakatoa pesa, barua ile inasema uongo, hata kama mwandishi hakukusudia. Na mtu akipanga barua zitoke saa tisa usiku ili wakubwa wamwone ni mchapakazi, huyo anadanganya kwa makusudi. Zana ni moja. Moyo ndio tofauti.

TUTENDE: TUFANYE NINI KATIKA VIKUNDI?

Nimefikiria mambo saba. Yaongezeni au myapunguze kulingana na hali yenu.

Kwanza, barua yenye siku ya mwisho itumwe mara inapokuwa tayari.

Pili, unapopanga, tamka saa kwa sauti kwa njia zote mbili: "Saa kumi jioni, nne PM." Ikiwezekana mtu wa pili aangalie kabla hujathibitisha. Jicho moja hukosea kwa urahisi.

Tatu, katika barua inayosubiri usiandike leo, jana wala kesho. Andika tarehe. "Kufikia tarehe 4 akaunti ilikuwa na..." Tarehe haidanganyi hata ikichelewa.

Nne, barua ya madai, ya karipio au ya kukataa jambo isipangwe kabisa. Kama umeiandika kwa hasira usiku, iache kwenye rasimu. Asubuhi uisome, kisha uitume kwa mkono wako ukiwa unajua hali ya anayeipokea. Afadhali zaidi, nenda ukamwone.

Tano, kila kikundi kiwe na ukurasa mmoja katika daftari la katibu: barua zinazosubiri. Andika ni ya nani, inahusu nini, itatoka siku gani. Simu ni ya mtu mmoja, lakini daftari ni la kikundi. Katibu akiugua, mwingine atajua.

Sita, kila jioni kabla ya kulala, na kila mnaposikia habari kubwa kijijini, fungueni sanduku la barua zilizopangwa. Jiulizeni: neno hili bado ni la kweli? Bado ni la utu?

Saba, uongozi unapobadilika, katibu anayetoka afungue sanduku hilo mbele ya anayeingia. Barua aliyoipanga ya mwezi ujao itatoka kwa jina lake hata kama hayupo tena kwenye kiti. Kukabidhi funguo na mihuri bila kukabidhi barua zinazosubiri ni makabidhiano ya nusu.

Ndugu zangu, wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Lakini pia walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, na kazi ya kiongozi ni kujua leo ni siku ya methali ipi. Ombi la tangi lilikuwa la methali ya pili. Barua yangu ya madai ilikuwa ya ile ya kwanza.

Kile kikundi cha akina mama kimeanza kuandika ombi jingine. Safari hii kijana ni yule yule. Hawakumwondoa, na nimefurahi kwamba hawakumwondoa. Juzi nilimkuta amebandika kikaratasi nyuma ya simu yake, ameandika kwa kalamu nyekundu: SITA. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Mama, hii ni ya kutoa na kujumlisha."

Chai iko tayari nje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni barua gani za kikundi chetu zingefaa kupangwa, na zipi hazifai kabisa?
2. Je, umewahi kupokea ujumbe wa kazi usiku ukaona ni lazima uamke? Ulitoka kwa nani? Wewe je, umewahi kumfanyia mwenzako hivyo?
3. Katibu wetu akiugua leo, nani anajua ni barua zipi zinazosubiri?
4. Zoezi: kila mmoja ajipangie barua itakayotoka kesho saa moja na nusu asubuhi. Kwenye simu ni saa ngapi? Keshokutwa mje mseme yenu ilifika saa ngapi.